Doa Nililoshindwa Kulitaja

Kama ningeruhusiwa kurudisha neno moja mdomoni, ningerudisha "nitaweza." Nililisema asubuhi ya Alhamisi, nimesimama mlangoni pa chumba namba nne cha hospitali yetu, nimevaa koti la kijivu na kalamu mbili mfukoni. Daktari mgeni alimtazama mgonjwa aliyeketi kitandani, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Huyu ni wa nyumbani kwako. Utaweza, ndugu?"

Mgonjwa alikuwa mke wa mwanangu.

Muuguzi wa kike aliyezoea kunipokea kazi ya kutafsiri alikuwa amekwenda Birongo na timu ya chanjo. Angerudi saa nane. Mama wa usafi alikuwa pale pale kwenye korido akipiga deki, na Ekegusii chake, lugha yetu ya nyumbani, ni kizuri kuliko changu. Ningemwita tu. Ningesema, "Daktari, kazi hii si yangu leo," na hakuna mtu angenicheka, maana kila mtu pale, hata daktari, alijua sababu. Nami nikasema nitaweza.

Nilikuwa karani wa rekodi. Nilimaliza kidato cha nne, nikapima majani chai kwenye kituo cha kununulia huko Nyacheki kwa miaka mingi, halafu nikapata kazi ya mafaili hospitalini, karibu na soko la Nyamache. Daktari alipoletwa kwetu, ilionekana haraka kwamba wagonjwa hawamwelewi wala yeye hawaelewi. Kiingereza chake kilikuwa kigumu. Kiswahili alifundishwa wiki chache Nairobi, kikatoka mdomoni mwake na zile r za kwao zinazobingirika kama jiwe kwenye bati. Na wagonjwa wetu, hasa akina mama wa vijiji vya juu, wanazungumza Ekegusii. Mkuu wa hospitali akaniambia, "Mzee, wewe umesoma. Kaa naye chumbani." Nikakaa naye karibu miaka miwili.

Alitoka katika kile kisiwa kilichofanya mapinduzi kabla sijaanza shule, ambacho mpaka leo kinaongozwa na serikali ya mapinduzi hayo. Serikali yake na yetu zilikubaliana, madaktari wakaletwa. Alikuwa mwanamke wa umri wa kifungua mimba wangu, mfupi, mwenye nywele zilizokatwa kama za mwanafunzi, na alifika kazini kabla ya mlinzi kufungua geti dogo. Kwa kuipenda nchi yake hakuwa na mchezo. "Babu yangu alikata miwa, hakujua kuandika jina lake," aliniambia. "Mapinduzi yalimfundisha. Mimi, mjukuu wa mkata miwa, ni daktari. Unaelewa, ndugu?"

Hilo neno ndugu lilimpatia umaarufu. Mwalimu wake wa Nairobi alimwambia ndilo linalokaribia lile neno ambalo watu wa kwao huitana. Basi akamwita kila mtu ndugu: mkuu wa hospitali, wachuuzi wa ndizi getini, kasisi, mimi.

Siku moja nikamwambia, "Daktari, kwetu mtu wa umri wa binti yangu haniiti ndugu."

"Kwetu hata rais tunamwita ndugu."

"Na huyo ndugu rais, mnaweza kumwambia amekosea?"

Nilitania tu. Lakini aligeuka kutazama dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu isipokuwa mbuzi wa mpishi. Kisha akasema, "Mwite mgonjwa mwingine."

Polepole nilijifunza jinsi alivyoishi. Pasipoti yake ilikuwa kwa kiongozi wa kundi lao, aliyekaa Nairobi. Akitaka kulala nje ya nyumba aliyopewa, hata Kisii mjini, aliomba ruhusa. Kila wiki aliandika ripoti. Akipigiwa simu na binamu yake aliyeikimbia nchi, alikata. Sisi wazee wa Nyamache tulikuwa tunamtukana gavana mbele ya askari wake, tukanywa chai, tukarudi nyumbani. Yeye alipunguza sauti akizungumza lugha yake mwenyewe, katika milima ambako hakuna mtu angeweza kumwelewa.

Kilichomtia hofu zaidi ni faili. Aliwahi kunieleza kwamba kila daktari anayetumwa nje ana faili huko kwao. Likirudi safi, angerudi kwenye hospitali kubwa aliyokuwa akifundisha, na binti yake, aliyekuwa anataka kusomea udaktari pia, angepita bila maswali. Likirudi na doa, yeye angepelekwa kliniki ya mbali, asitoke tena nchini, na binti angeulizwa maswali. Alikuwa amebakiza miezi minne. Alizihesabu wiki kwa penseli kwenye ukuta, nyuma ya mlango wa chumba namba nne.

Nilimpenda jinsi mtu anavyompenda mwenzake wa kazi. Tulicheka sana. Alijifunza kwamba baba ni mzazi wa kiume, kisha akashangaa kila alipomuuliza mtoto "Baba yuko wapi?" na mtoto anamwonyesha mama yake. Wiki nzima alidhani watoto wetu wana matatizo ya macho. Ndipo nikamweleza kwamba kwa Ekegusii, neno baba ni mama, na mzazi wa kiume anaitwa tata. Alicheka mpaka akavua miwani.

Baada ya hapo alinunua daftari, akaniomba nimfundishe sehemu za mwili kwa lugha yetu. Nikamwandikia kichwa, macho, masikio, shingo, kifua, mgongo. Nikafika kiunoni, nikaruka. Nikaendelea na magoti, miguu, nyayo.

"Hapa katikati, ndugu?"

"Hapo utawauliza wauguzi."

"Mtu wenu hana katikati?"

"Anayo. Ila si mimi wa kuitaja mbele ya mwanamke."

Aliacha mistari kumi wazi katikati ya ukurasa, ili ijazwe baadaye. Sijui kwa nini wauguzi hawakuijaza. Kazi ni nyingi pale.

Tena si kwamba hakuijua sababu. Aliwahi kuja kwangu Nyacheki siku ya Jumapili, kwa ruhusa, akala ugali wa wimbi na mboga chungu, akachuma majani chai na mke wangu mpaka majirani wakapiga kelele kutoka shamba la juu, "Mzee, huyo mnamlipa kwa kilo?" Mkazamwana wangu alileta maji ya kunawa. Alipofika karibu nami aliweka birika chini, akarudi nyuma, akasubiri mwanangu aje animiminie.

"Kwa nini anakukimbia?" daktari akauliza.

Nikamweleza habari ya chinsoni. Ni ile heshima inayopanga nani wa kuonana haya na nani. Baba mkwe na mke wa mwana hawashikani mikono. Mimi siingii nyumbani kwao mpaka ndani. Mambo ya mwili hayatajwi kati yetu, hata kwa kuzunguka. Nilimweleza vizuri, kwa majivuno kidogo, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake. Kisha, kwa sababu nilitaka anione mtu aliyesoma, nikaongeza, "Lakini mimi ni mtu wa kisasa. Hospitalini ni hospitalini."

Nadhani hayo maneno ndiyo niliyokuwa nayatetea ile Alhamisi.

Mkazamwana wangu alikuwa ameolewa mwaka mmoja na nusu. Aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya ugonjwa wa mama yake, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua na kuuza. Alikuja mwenyewe kwa miguu, amejifunga leso mbili, mkono ukishika tumbo upande wa kushoto, chini. Aliponiona mlangoni aliinamisha uso. Daktari aliponiuliza lile swali lake nami nikajibu nitaweza, msichana alivuta leso ya juu akajifunika mabega, kana kwamba upepo umeingia.

Daktari akamgusa tumbo, akauliza yanaanzia wapi maumivu. Hayo nikayatafsiri. Tangu lini? Nikatafsiri. Anasikia kizunguzungu? Nikatafsiri. Kisha akaweka kalamu chini.

"Muulize mwezi wake wa mwisho ulikuwa lini. Na kama ameona damu. Hata kidogo, hata doa tu kwenye nguo."

Nikasikia masikio yanapata moto.

Daktari aliona. Akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mwanafunzi. "Ndugu, hili ni muhimu. Kipimo cha mimba kimekwisha maabara wiki hii. Kama mwezi umepita, au kama kuna damu, ninampeleka Kisii leo hii akapigwe picha. Kama hakuna, ni tumbo la kawaida, nampa dawa na atarudi Jumatatu. Kwa hiyo muulize hivyo hivyo nilivyosema."

Basi sikuwa na kisingizio cha kutojua. Niliambiwa uzito wa swali kabla sijalimeza.

Nikageuka kwa mke wa mwanangu. Nilitazama ukuta juu ya kichwa chake, pale palipobandikwa picha ya kunawa mikono. Nikamwambia kwa Ekegusii, "Anauliza kama chakula kinashuka vizuri, na kama uko sawa kwa mambo mengine."

Leo najua alikuwa amelisikia neno damu kwa Kiswahili. Damu ni neno la sokoni pia. Kila mtu analijua. Alilisikia likitoka kwa daktari, akalisikia likigeuka chakula mdomoni mwangu, akaelewa kwamba baba mkwe wake anataka swali hilo lipite. Akanijibu mimi. Hakumjibu daktari.

"Niko sawa, tata. Ni tumbo tu."

"Anasema hapana," nikamwambia daktari. "Hakuna damu. Mwezi uko sawa."

"Umemuuliza maneno yangu yote?"

"Yote."

Aliandika kwenye faili, akampa dawa za tumbo, akamwambia arudi Jumatatu, na arudi mapema maumivu yakizidi. Msichana alitoka akipita mbali nami. Nikaita mgonjwa mwingine.

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tulikuwa kanisani. Ibada ilikuwa imekwisha, akina mama wanafungua vyakula kwenye nyasi, wanakwaya wanarudia wimbo ambao hawakuuimba vizuri. Nikasikia mke wangu anaita jina la mkazamwana mara tatu mfululizo. Alikuwa ameanguka kando ya sufuria ya wali. Midomo yake ilikuwa imepauka. Wanaume walikimbia kumwinua, mimi nilisimama. Hata pale sikumgusa. Alipakiwa nyuma ya pikapu ya mzee wa kanisa, mwanangu ameshika kichwa chake, wakashuka kuelekea Kisii mjini.

Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija. Mrija ulipasuka. Walimfungua wakamwokoa, wakautoa ule mrija, na wakaona kwamba wa pili nao umeharibika kwa ugonjwa wa zamani. Alikaa wodini siku tisa. Daktari wa huko alimuuliza mwanangu kwa mshangao, "Alitoka damu wiki mbili, na mlikwenda hospitali. Hakuulizwa?"

Mwanangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Alinunua karatasi ya mistari, akaandika malalamiko kwa mkono wake kwamba daktari mgeni hakumuuliza mke wake maswali ya lazima. Aliniletea niisome, niangalie kama Kiswahili kiko sawa. Nilisahihisha makosa mawili ya herufi. Nikamrudishia.

Baada ya siku chache tuliitwa ofisini kwa mkuu wa hospitali. Kiongozi wa kundi lao alikuwa amekuja kutoka Nairobi na mkoba mweusi. Alikuwa mtu mpole sana wa sauti. Daktari aliketi karibu na kabati, mikono mapajani. Mwanangu aliketi karibu nami, magoti yetu yanakaribia kugusana.

Mkuu akasoma barua. Akamuuliza daktari, naye akajibu kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. "Niliuliza. Mwezi na damu. Nilijibiwa hapana."

Mkuu akanigeukia. "Mzee, wewe ulikuwepo. Aliuliza?"

Nimejitetea mwenyewe kwa miaka kwa kusema kwamba ningejibuje mbele ya mwanangu. Kusema ndiyo kungenilazimu nieleze aliuliza nini, na kwa nini sikuuliza, na hayo yote ni mambo ya mwili wa mke wake. Ni kweli, chinsoni ilikuwa imekaa nasi mle ofisini. Lakini nikiwa mkweli, nilichoogopa kuliko hicho ni uso wa mwanangu. Alikuwa amenitazama kama mtu anayengojea tata wake amshike mkono.

Nikasema, "Sikumbuki kama aliuliza hilo."

Daktari akanitazama. "Ndugu," akasema. Hilo tu.

Kiongozi wake akamwambia jambo fupi kwa lugha yao, bila kupandisha sauti. Naye akafunga mdomo. Nilikuwa nimemwona mwanamke huyo akibishana na madaktari wetu wakubwa, akimfokea dereva wa ambulensi, akimwambia chifu atoke chumbani. Neno moja la mtu wa mkoba, akanyamaza kama mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa huru kusema mle ndani. Hakuna serikali iliyoshika pasipoti yangu.

Aliondoka kabla ya wiki mbili. Alipelekwa Nairobi kwanza, halafu nikasikia amerudishwa kwao. Hakuja kuaga, au hakuruhusiwa. Katika droo ya chumba namba nne nilikuta daftari lake. Ukurasa wa mwili ulikuwa vile vile, kifua juu, magoti chini, mistari kumi wazi katikati. Nyuma ya mlango, zile alama za penseli zilikuwa zimesimama palepale.

Mkazamwana hakumwambia mume wake kitu. Hilo ndilo lililonichelewesha kuelewa nilichofanya. Alirudi nyumbani, akapona kidonda, akaendelea kuweka birika chini na kurudi nyuma. Alikuwa ananificha. Heshima niliyoitumia kumyima swali, yeye aliitumia kunifunika.

Ilipita zaidi ya mwaka. Tulikuwa tunachuma chai na mke wangu, kikapu mgongoni, yeye mstari wa juu, mimi wa chini. Akasema bila kunitazama, "Hukumuuliza."

"Nani?"

"Usinichezee. Msichana aliniambia jikoni, tangu alipotoka wodini. Akaniapisha nisimwambie mume wake. Nimechoka kulibeba."

"Wewe ulijua wakati wote?"

"Nilikuwa nangojea wewe uone aibu. Si ndiyo heshima yako hiyo? Mbona haya yako yanakuja kwa wanawake tu?"

Nikaendelea kuchuma. Nilichuma hata majani makomavu yasiyofaa. Aliyaona, akayatoa kikapuni mwangu, akayatupa.

Yeye ndiye aliyemwambia mwanangu. Kijana alikuja kwangu mchana wa siku iliyofuata, vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama nje ya mlango.

"Tata, daktari aliuliza?"

"Aliuliza."

"Aliuliza damu?"

"Aliuliza damu. Aliuliza mwezi. Aliniambia na sababu."

"Mimi niliandika kwamba hakuuliza. Kwa mkono wangu. Na wewe ukanisahihishia herufi."

Akaniambia niandike barua ya kukanusha, niipeleke mwenyewe. Nikaiandika usiku huohuo na kesho yake nikaipeleka. Mkuu wa hospitali alikuwa mpya. Aliisoma mara mbili, kwa heshima, akanirudishia. "Mzee, wale wote walikwisha kwenda, mkataba wao uliisha. Faili lake haliko hapa. Liko kwao." Nilimuuliza anwani. Hakuwa nayo. Niliuliza Kisii mjini, nikauliza Nairobi kwa simu, nikaelekezwa huku na huku na watu wenye adabu. Barua iko kwangu, imekunjwa ndani ya daftari la daktari.

Mwezi uliofuata mwanangu alipakia vyombo vya kazi na kitanda, wakahamia Nyamira. Si mbali, lakini nimekwenda mara moja tu. Nilikaribishwa chai. Mke wake aliniletea maji ya kunawa, safari hii hakuweka birika chini. Alinimiminia mikononi mwenyewe, akinitazama usoni, kama anavyotazamwa mgeni asiye wa ukoo. Nilielewa.

Nimezeeka sasa. Naandika haya kwa sababu hakuna faili lingine ninamoweza kuyaweka. Nilisema nitaweza, na sikuweza, na sikukubali kwamba sikuweza. Mke wa mwanangu alipoteza uzazi wake, na madaktari wamewaambia hawatapata mtoto. Daktari aliyeuliza swali sahihi alirudi kwao na doa ambalo ni langu. Nami nilimpoteza mwanangu, mtoto wangu wa pekee wa kiume, ambaye yuko hai, yuko Nyamira, na haniiti tena tata.